Kimbunga Kikiwa Mbali: Kusoma Upepo Unaotuletea au Kutunyima Mvua

Kimbunga kinaweza kuwa mashariki ya Madagaska, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Nairobi, na bado kikaamua kama mkulima wa Kitale atapata maji wiki hii au ataendelea kutazama vumbi. Jina jipya likitangazwa, watu huuliza kama kinakuja au hakiji. Kwa pwani ya Tanzania na Kenya jibu huwa mara nyingi hakiji, na hapo watu huacha kufuatilia. Ndipo sehemu inayotuhusu zaidi inapoanza: kimekaa upande gani, na hewa inayovutwa kwenda kwake inapita juu yetu ikitoka wapi?

Chukua karatasi uchore duara. Kusini mwa ikweta upepo hukizunguka kimbunga kwa mwendo wa mishale ya saa. Kaskazini ya duara upepo unatoka magharibi. Mashariki yake unatoka kaskazini, kusini yake unatoka mashariki, na magharibi yake unatoka kusini. Vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi hupita kati ya nyuzi 10 na 25 kusini, kwa hiyo Tanzania na Kenya hukaa kaskazini-magharibi yao. Duara hilo ukilisogeza juu ya ramani unapata nusu ya majibu kabla hujafungua kompyuta.

Mwaka 2018 ni mfano mzuri wa upande mmoja. Mwanzoni mwa Machi kimbunga Dumazile kilipita kando ya pwani ya mashariki ya Madagaska, na katikati ya mwezi kikafuata Eliakim. Upepo wa kawaida juu ya Afrika Mashariki hutoka mashariki, lakini siku hizo uligeuka ukatoka magharibi, ukabeba unyevu wa misitu ya Kongo, ukavuka Ziwa Victoria na kupanda nyanda za juu za Kenya. Masika yalianza kwa kishindo, na katikati ya Machi barabara za Nairobi zilikuwa chini ya maji. Mwaka uliofuata mambo yalikuwa kinyume. Kimbunga Idai hakikukaa mashariki ya Madagaska. Kilijijenga kwa siku kadhaa ndani ya Mlango wa Msumbiji, yaani bahari iliyo kati ya Msumbiji na Madagaska, kisha kikaipiga Beira usiku wa kuamkia 15 Machi 2019. Unyevu ulivutwa kusini, na wakulima wengi wa Kenya walisubiri masika hadi Aprili.

Kutokana na miaka hiyo miwili watu hutoa kanuni fupi: mashariki ya Madagaska kunatuletea, ndani ya Mlango kunatunyima. Ni kanuni ya kuanzia tu. Kimbunga hakifanyi kazi peke yake. Wimbi la Madden–Julian, ambalo wanasayansi Roland Madden na Paul Julian walilieleza mwaka 1971, huizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60 likitoka magharibi kwenda mashariki. Sehemu yake yenye mawingu ikiwa juu ya Bahari ya Hindi, huchochea vimbunga na pia huusaidia upepo wa magharibi kuingia kwetu. Mwezi Machi 2018 vyote viwili vilikutana. Ukiona kimbunga mashariki ya Madagaska huku wimbi hilo limeshahamia Pasifiki, punguza matumaini.

Sasa kazi ya kila siku. Anza na picha za setilaiti, si na ramani za utabiri. Meteosat inayoitazama Bahari ya Hindi hutoa picha kila dakika 15, na picha za mionzi ya joto huonekana usiku na mchana. Zitazame kama filamu ya saa 24, ukilenga eneo la nyuzi 5 hadi 15 kusini, kuanzia Komoro hadi mashariki kabisa ya Shelisheli. Unatafuta fungu la mawingu ambalo halifi. Hapa wengi hudanganyika kwa sababu mawingu ya baharini huvimba karibu na alfajiri na kunywea mchana. Fungu linalotisha saa 12 asubuhi linaweza kuwa limebaki vipande saa 9 alasiri. Linganisha saa ileile ya jana na ya leo. Fungu lililohimili mizunguko miwili mfululizo, na ambalo mawingu yake ya chini yanaanza kujikunja, ndilo la kuliwekea alama.

Halafu soma taarifa ya kituo cha Réunion. Kituo hicho cha Météo-France ndicho kilichopewa dhamana ya eneo letu, kuanzia nyuzi 30 hadi 90 mashariki. Katika msimu hutoa kila siku taarifa ya jumla inayosema uwezekano wa dhoruba kuzaliwa katika siku tano zijazo, na dhoruba ikishazaliwa hutoa taarifa kila baada ya saa sita. Jina hutolewa upepo ukifika noti 34, yaani kilomita 63 kwa saa. Dhoruba ikifikia kasi hiyo magharibi ya nyuzi 55, jina hutolewa na Madagaska, na mashariki ya hapo hutolewa na Morisi. Hadhi ya kimbunga kamili huanza noti 64, kama kilomita 118 kwa saa.

Namba hizo zina mtego. Réunion hupima wastani wa upepo wa dakika 10, ilhali kituo cha jeshi la Marekani kilichopo Pearl Harbor hutumia wastani wa dakika moja, ambao daima huwa mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 12. Noti 70 za Wamarekani ni kama noti 62 za Réunion. Mmoja ataandika kimbunga, mwingine dhoruba kali, na wote wawili wanazungumzia upepo uleule. Kila unapoandika kasi, andika na chanzo chake, na usichanganye vyanzo viwili katika mchoro mmoja ukadhani dhoruba imepanda au kushuka.

Saa nazo huvuruga. Taarifa hutolewa kwa saa za kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa sifuri ya kwao ni saa 9 usiku kwetu, saa 6 yao ni saa 3 asubuhi, saa 12 yao ni saa 9 alasiri, na saa 18 yao ni saa 3 usiku. Kati ya upimaji na taarifa kukufikia zinaweza kupita saa kadhaa. Kwa dhoruba inayotembea kilomita 20 kwa saa, saa sita ni kilomita 120, umbali ambao unaweza kuwa ndio tofauti kati ya Kilwa na Mafia.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito kwa mvua ya mbali, nayo ni ramani za upepo wa juu. Zitazame mbili: ya hektopaskali 850 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), ambayo ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ya 700, kama mita 3,000. Nyanda zetu za juu zenyewe zimepanda hadi karibu na ramani ya kwanza, hivyo juu ya Kenya ya kati na Mbeya ramani ya 700 ndiyo ya kuaminiwa. Tazama mistari kati ya mashariki ya Kongo, Ziwa Victoria na Bonde la Ufa. Ikionyesha upepo wa magharibi katika ramani zote mbili, na hali hiyo ikidumu kwa siku mbili au zaidi katika utabiri, hewa ya Kongo inakuja kwa kina cha kutosha kutoa mvua. Ikiwa magharibi inaonekana kwenye 850 tu na juu yake mashariki kavu bado inatawala, mawingu yatajengeka mchana na kukatwa vichwa. Utapata manyunyu hapa na pale.

Kwa unyevu kuna ramani ya jumla ya maji yaliyomo hewani toka ardhini hadi juu, ikipimwa kwa milimita. Pwani, milimita 50 na kuendelea ni hewa iliyoshiba. Usitumie kipimo hicho Nairobi wala Njombe, kwa sababu hewa iliyo juu ya mlima ni fupi na haiwezi kubeba kiasi hicho. Huko linganisha na siku za jirani za mahali palepale.

Kuhusu modeli za kompyuta ushauri wetu ni mmoja: usiangalie mstari mmoja wa njia ya dhoruba. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa huendesha utabiri wake mara 51 kwa kubadilisha kidogo hali ya kuanzia, na Wamarekani mara 31. Mistari ikisafiri pamoja hadi siku ya tatu kisha ikatawanyika, unayo siku tatu za kupanga, na baada ya hapo ni makisio. Picha ya modeli moja ya siku ya kumi, yenye kimbunga chekundu mbele ya Mombasa, husambazwa kwenye makundi ya simu kila msimu na kuwatia watu hofu bure. Wanaosambaza hurudia jambo hilo hadi siku ambayo onyo ni la kweli na hakuna anayesikiliza. Hilo ndilo linalotuuma zaidi katika kazi hii. Pembe inayochorwa mbele ya dhoruba kwenye ramani za utabiri nayo husomwa vibaya: inaonyesha mahali kitovu kinaweza kupita, wala haionyeshi ukubwa wa dhoruba. Mvua na mawimbi hufika nje yake kwa mamia ya kilomita.

Soma pia nyuzi za latitudo na longitudo, usisome jina la mahali peke yake. Kimbunga Kenneth kilipoingia nchi kavu 25 Aprili 2019 kaskazini ya mji wa Pemba, ule wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, wapo waliofikiri ni kisiwa cha Pemba. Mji huo uko nyuzi 13 kusini, kisiwa kiko nyuzi 5.

Vipimo vya nyumbani vinasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Baadhi ya simu zina kipima mgandamizo wa hewa ndani yake. Usijali sana namba kamili, kwa kuwa kila mita 8 au 9 za kupanda hupunguza hektopaskali moja. Fuatilia mabadiliko. Katika nchi zetu za joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku bila dhoruba yoyote: kilele karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na bonde karibu saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, tofauti ikiwa hektopaskali 2 hadi 3. Anayesoma asubuhi na jioni ataona anguko kila siku. Linganisha saa 10 ya leo na saa 10 ya jana. Ukiwa pwani na namba imekuwa chini ya kawaida ya saa hiyo kwa 3, fungua taarifa. Ikifika 5, kuna kitu karibu. Kwa kimbunga kilicho kilomita 1,500 au 2,000 usitegemee kipimo hiki. Kwa umbali huo upepo na mawimbi husema mapema zaidi.

Kwa upepo, kuna kanuni ya mabaharia inayoitwa ya Buys Ballot. Kusini mwa ikweta, upe upepo mgongo, na kitovu cha mgandamizo mdogo kitakuwa mkono wako wa kulia. Ukiwa Mtwara mwezi Aprili, kaskazi imekufa na upepo umegeuka kutoka bara, yaani magharibi, mkono wa kulia unaonyesha kusini. Fanya hivyo mahali pa wazi, na si asubuhi mapema, kwa sababu upepo wa nchi kavu wa alfajiri utakudanganya. Joto kali lenye utulivu na anga safi pia ni dalili. Hewa inayopanda ndani ya kimbunga lazima ishuke mahali, na ikishuka mamia ya kilomita pembeni hukausha mawingu. Watu wa Dar es Salaam husema leo hakuna hata jani linalotikisika, na ndani ya siku hiyo bahari hubadilika.

Mawimbi yana hesabu yake. Ya kaskazi ya kawaida hufuatana kwa sekunde 5 hadi 8. Yanayotoka kwenye kimbunga cha mbali hufuatana kwa sekunde 12 hadi 16, yako laini, marefu, na huinuka ghafla yakigusa mwamba. Hesabu sekunde za mawimbi kumi kisha gawa kwa kumi. Wimbi la sekunde 14 husafiri karibu kilomita 940 kwa siku kwenye maji ya kina, wakati dhoruba yenyewe hutembea 400 au 500. Ndiyo maana hufika kwanza. Mambo mawili ya kuangalia: Madagaska hukinga mawimbi ya upande wake wa mashariki, kwa hiyo ukimya wa bahari Kilwa haumaanishi kwamba hakuna kitu, na kuanzia Mei mawimbi marefu hutoka pia bahari ya kusini ya mbali bila kimbunga chochote. Kwa wavuvi wenye ngalawa na mitumbwi, sekunde 12 na kuendelea pamoja na taarifa ya dhoruba iliyopewa jina inatosha kupandisha vyombo juu ya mstari wa maji makuu, hata kama anga ni buluu.

Kimbunga kikija kweli, upande wa kutua ni jambo la uhai. Pwani yetu inatazama mashariki. Kusini ya mahali kitovu kinapoingilia, upepo unatoka baharini na kusukuma maji nchi kavu. Kaskazini yake unatoka bara. Kenneth ilipotua Msumbiji, Mtwara ilikuwa kaskazini ya kitovu, na hilo lilichangia kuinusuru. Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia 4 Mei 2024, Kilwa na Lindi ndizo zilizokuwa kusini, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga. Dar es Salaam, iliyokuwa kaskazini, ilipata upepo na safari za boti za Zanzibar zikasimamishwa, lakini haikupata kipigo kile. Kitovu kikisogea kaskazini kwa kilomita mia moja na hamsini tu, hesabu hiyo inageuka.

Sasa shamba, maana hapa ndipo kimbunga cha mbali huleta hasara ya kimyakimya. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi upepo wa magharibi huleta siku tatu au nne za mvua nzuri. Mkulima hupanda mahindi. Kimbunga kinashuka kusini kupita nyuzi 25 au 30, mvutano unaisha, kaskazi kavu inarudi, na ukame wa wiki mbili unafuata. Hesabu yake ni hii: mvua ya milimita 20 ni lita 20 kwa kila mita ya mraba, na udongo wazi chini ya jua la Machi hupoteza milimita 4 hadi 6 kwa siku. Ndani ya siku nne au tano yameisha, wakati mbegu ndiyo kwanza inachipua na mzizi wake ni mfupi kuliko kidole. Mtaalamu wa kilimo hahesabu masika yameanza kwa sababu mvua ya milimita 20 imenyesha ndani ya siku tatu. Husubiri pia kuona kwamba ndani ya siku 30 zinazofuata hakuna siku kumi mfululizo za ukavu. Mkulima hana nafasi ya kusubiri siku 30, lakini anaweza kuuliza mambo matatu. Upepo ulioleta mvua ulitoka magharibi au mashariki? Kimbunga kilichouvuta kiko wapi sasa na kinaelekea wapi? Ukichimba kwa jembe, unyevu umefika sentimita 15 chini? Kama mvua ni ya magharibi na kimbunga kinaondoka, tumia siku hizo kulima, kutengeneza matuta na kukinga maji. Bati la mita 50 za mraba chini ya milimita 30 hutoa lita 1,500, na baada ya kumwagika na kupotea utabaki na zaidi ya 1,200. Mbegu iache ghalani hadi upepo wenye unyevu kutoka baharini ushike.

Mvua ipimwe saa 3 asubuhi kila siku, saa ambayo vituo vyote hupima, ili namba zako zilinganishwe na za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Milimita 50 kwa saa 24 huhesabiwa mvua kubwa. Na onyo la taasisi hizo likipandishwa kutoka angalizo hadi tahadhari, lifuate hilo. Ufuatiliaji wa nyumbani hukupa siku za maandalizi. Amri ya kuhama au kutokwenda baharini si yako kuipinga.

Msomaji aliyeko Oman anapaswa kugeuza karatasi. Kaskazini mwa ikweta mzunguko ni kinyume cha saa, na ukiupa upepo mgongo kitovu kiko kushoto. Gonu ya Juni 2007 na Shaheen ya Oktoba 2021 husomwa kwa duara hilo la pili. Gati, iliyoipiga Somalia Novemba 2020, ilikuja katika msimu wetu wa vuli, hivyo wafuatiliaji wa Kenya hulazimika miezi hiyo kutazama pande zote mbili za ikweta.

Msimu rasmi huanza 15 Novemba na kwa sehemu kubwa ya eneo huisha 30 Aprili. Tarehe hiyo ya mwisho isikufanye ufunge daftari. Januari na Februari dhoruba nyingi huzaliwa na kupita kusini zaidi. Zinazoigusa pwani yetu huja ukanda wa mvua ukirudi kaskazini huku bahari ikiwa bado na joto. Kimbunga kilichong'oa mikarafuu ya Unguja kilikuja Aprili 1872. Cha Lindi ni Aprili 1952. Jobo iliikaribia Tanzania Aprili 2021 ikafifia kabla ya kufika. Hidaya ni Mei 2024, na baadaye mwezi huohuo Ialy ikapita karibu kabisa na ikweta, upepo wake wa upande wa magharibi ukajumlishwa na kusi na kuichafua bahari ya Kenya. Endelea kufungua picha za setilaiti kila siku hadi joto la maji kati ya Komoro na Mafia lishuke chini ya nyuzi 26.5, au hadi kusi ishike sawasawa na idumu wiki nzima bila kulegea.